Kanga ya Mkono Mzima

Hakuna mtu Pito, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, aliyewahi kumwita Lydia mkwe mbaya. Miaka kumi na minne tangu aolewe na Adriano, mama mkwe wake, Bibi Edith, hakuwahi kuinama kuokota ufagio mbele yake. Wanawake wa jumuiya walipotaka kuwasema wake za watoto wao walianzia kwake: "Mtazameni Lydia." Sifa ni tamu, na Lydia alikuwa ameizoea kama watu wanavyozoea sukari kwenye chai. Ndiyo maana siku alipoitwa kujibu kwa nini anamfunga mama mkwe wake kwa kanga, chai yote ilimgeukia shubiri.

Mambo yalianzia Dar es Salaam, wiki moja baada ya Pasaka. Kelvin, kitindamimba wa Bibi Edith, alioa huko, na Lydia ndiye aliyesafiri na mama kwenda harusini, maana Adriano alibaki na shamba. Asubuhi ya pili yake wakwe wapya walikuja kusalimia. Bibi Edith, Mfipa wa kufundwa, akachuchumaa apige makofi ya salamu kama alivyofunzwa na mama yake. Mkono wa kushoto ukapanda. Wa kulia haukuja. Kiganja kimoja kikapiga hewa, mara ya kwanza, mara ya pili, na wakwe wale wa pwani wakatabasamu wakidhani ndivyo Wafipa wanavyosalimiana. Mmoja wao, kwa adabu zake zote, akachuchumaa naye akapunga mkono mmoja.

Lydia hakutabasamu. Kwao salamu haipigwi kwa mkono mmoja, hata mtoto mdogo analijua hilo. Alimtazama mama usoni, akaona upande wa mdomo umeshuka, akapiga ukelele ambao Kelvin anausimulia mpaka leo. Haikupita saa moja walikuwa hospitali. Kiharusi, wakaambiwa. Madaktari wakaingiza waya mwembamba kwenye mshipa wa pajani, wakaupandisha mpaka kichwani, wakalivuta nje bonge la damu lililokuwa limeziba njia. Baadaye Lydia alionyeshwa bonge lenyewe kwenye kikopo. Halikufika ukubwa wa harage. Alilitazama kwa hasira, kwamba kitu kidogo namna ile kimethubutu kumwangusha mama.

Kesho yake wakampiga Bibi Edith picha ya ubongo. Daktari Hasna, mwanamke wa makamo asiye na haraka, akamwita Lydia aione. Lydia aliona kabichi iliyokatwa katikati.

"Tukishatoa bonge, bado hatujamaliza," alisema daktari. "Tunapiga picha tuone kilichokufa na kilichopona. Tumewafuatilia wagonjwa wengi, na picha hii inatusaidia kukisia nani atarudi katika hali yake. Unaona hapa peupe? Hapa pamekufa, ndiyo maana maneno yamempotea. Maneno yatachelewa, na mengine huenda yasirudi. Lakini njia inayotoka ubongoni kwenda mkononi haijakatika. Kati ya watu kumi wenye picha kama hii, saba au wanane mkono unarudi."

"Unarudi lini, daktari?"

"Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenyewe. Ikipita hiyo, unaweza kurudi, ila kwa tabu. Na afanye mazoezi."

Mtu husikia anachokitaka. Lydia alisikia kwamba mkono unarudi. Hayo ya mazoezi yaliingia sikio la kulia yakatokea la kushoto. Alipakata bahasha ya picha ndani ya basi tangu Dar mpaka Sumbawanga, na alipoteremka aliwaambia wote waliokuja kutoa pole: "Mkono utarudi. Picha imesema."

Akakaa kuungoja. Na huku akingoja, akatunza. Ee Mungu, alivyotunza! Alimlisha mama uji wa ulezi kijiko kwa kijiko, akamfuta mdomo. Alimvisha, akamfunga kilemba, akamvalisha viatu. Jumapili alimshikia hata rozari, akisogeza punje moja moja, huku mama akimtazama tu. Hospitali ya mjini walikuwa wameandikiwa mazoezi kila wiki. Walienda mara mbili mwezi wa Mei, Lydia akaacha, kwa sababu mazoezi yalimliza mama, na yeye hakuolewa ili awalize wazee.

Juni ikaja na upepo wake unaopenya mpaka kwenye mifupa, Julai ikafuata. Mguu ulipata nafuu. Bibi Edith aliweza kujikokota kwa fimbo hadi uani. Mkono wa kulia ulibaki umelala mapajani. Wageni walipokuja yeye aliingia chumbani akageukia ukutani, kwa kuwa mama mtu mzima asiyeweza kupiga makofi ya salamu heri asionekane. Lydia aliwaambia wageni kwamba mgonjwa amelala. Mama Isdori, jirani na mwenyekiti wa jumuiya, ambaye sauti yake ya kutoa pole haikukosa mwiba, aliuliza siku moja mbele za watu: "Na ile picha, mama, imesemaje tena?"

Usiku huo Lydia alilia. Asubuhi aliitoa picha kwenye bahasha, akaielekeza dirishani, akaikagua kabichi ile kila upande akitafuta mahali ilipomdanganya. Kisha akamchukua mama wakapanda bajaji kwenda mjini, akiwa na nia ya kugombana na mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Shamsi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa familia ya wenye maduka karibu na soko, mwenye maneno mengi na mikono mipole. Alimwamkia Bibi Edith shikamoo, akainua picha kwenye mwanga, akasoma karatasi ya Daktari Hasna.

"Picha hii nzuri, dada Lydia."

"Nzuri! Miezi mitatu imekwisha. Mkono uko wapi?"

 Shamsi alikuwa akitazama mapaja ya Bibi Edith. Rozari ilikuwa inateleza kuelekea sakafuni, na kabla haijaanguka, vidole viwili vya mkono wa kulia, vile vilivyolala tangu Pasaka, vilijikunja kuidaka. Havikuidaka. Rozari ilianguka. Lydia akainama upesi kuiokota.

"Iache!" alisema Shamsi, kisha akapunguza sauti. "Samahani. Iache kwanza. Dada, nani anamlisha mama?"

"Mimi," alisema Lydia, na hata pale sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo.

"Nani anamvisha?"

"Mimi."

"Nani anamshikia hiyo rozari?"

Lydia alianza kuona swali linakoelekea.

"Picha haikudanganya," Shamsi alisema. "Picha ilisema njia iko wazi. Haikusema mkono utapita wenyewe bila kutumwa. Mkono wa mama hauna kazi hapo nyumbani, kazi zake zote unazifanya wewe. Kile kidogo kilichobaki kinafanywa na mkono wa kushoto. Wa kulia uamkie nini?"

 Lydia alitaka kumwambia kijana yule kwamba hajui heshima, hajui mkwe ni nini, kwamba kwake labda wazee hujilisha. Badala yake machozi yalimtoka. Alikuwa ameelewa, na kuelewa kulimuuma kuliko tusi lolote aliloliwaza.

"Bado hatujachelewa kabisa," alisema Shamsi. "Kila siku, kwa muda wa saa tatu, fungeni mkono wa kushoto. Kitambaa laini, usikaze. Mbele yake weka kazi: maharage ya kuchambua, kijiko, kikombe. Wewe kaa pembeni. Ukiona huwezi kuizuia mikono yako, ikalie."

"Nimfunge mama mkwe wangu?"

"Umfunge mkono mzima, mgonjwa upate zamu."

"Watu watasema."

"Watasema. Na mkono ukifa watasema vile vile."

Adriano alipoelezwa alikuna kichwa kwa muda mrefu. Ni mwanamume mwema, lakini mbele ya maneno ya watu huwa mwembamba. "Fanya," alisema mwishowe. "Ila watu wasione." Na hapo ndipo walipokosea, mume na mke. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mficha dawa naye hana nafuu kubwa. Laiti wangelifanya jambo lile barazani, mchana kweupe, na kumwalika Mama Isdori aje kuonja uji. Wao walilipeleka nyuma ya nyumba, kati ya ghala la mahindi na ukuta, mahali ambapo hata jambo jema linafanana na wizi.

Siku ya kwanza Lydia alichukua kanga ya harusi ya Kelvin, kwa sababu ndiyo ilikuwa laini kuliko zote. Aliufunga mkono wa kushoto wa mama kiunoni, akaweka ungo wa maharage mbele yake na bakuli tupu pembeni. Bibi Edith alitazama ukuta. Chozi moja lilishuka polepole upande ule wa uso uliolegea, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Nisamehe, mama," alisema Lydia.

"Ndiyo," alisema Bibi Edith.

Lakini hilo ndilo neno pekee alilobakiwa nalo. Alisema ndiyo akiwa na njaa na ndiyo akiwa ameshiba. Ukimuuliza kama anasikia baridi, ndiyo. Kama anasikia joto, ndiyo vile vile. Lydia hakujua amesamehewa au amelaaniwa. Aliikalia mikono yake, na kwa saa nzima walitazama maharage yasiyosogea.

Siku ya tano kidole kimoja kilisukuma harage moja mpaka ukingoni mwa ungo. Siku ya tisa harage liliingia kwenye bakuli, na Lydia akakimbilia nyuma ya ghala akacheza peke yake bila sauti. Bandu bandu huisha gogo. Wiki ya tatu Bibi Edith aliinua kijiko. Nusu ya uji ilimwagikia kifuani na nusu ikafika kinywani, na mwanamke yule wa miaka sitini na minane aliumeza kwa ukali kama mtu anayemkomesha adui. Ila kila siku, kanga ilipotolewa, aligeuza uso ukutani na kuuachia mkono wake ufungwe bila kumtazama mkwewe. Hilo lilimkosesha Lydia usingizi. Mkono ulikuwa unarudi kweli, lakini mama mwenyewe, je, atarudi kwake?

Mwisho wa Agosti Mama Isdori alikuja kuazima ungo. Hodi yake haikuitikiwa, akazunguka nyuma. Akamkuta Bibi Edith amefungwa, kifua kimejaa uji, analia kwa sababu kijiko kilimponyoka, na Lydia amekaa kwenye kigoda amekalia mikono yake, anatazama.

Sihitaji kusema habari zilifika wapi kabla ya jua kutua. Zilifika hadi kijiji cha Mwazye, kwa Shangazi Zita, dada wa marehemu mume wa Bibi Edith, ambaye ukoo mzima ulimwogopa kwa haki yake na kwa sauti yake. Jumamosi asubuhi alishuka kwenye Noah ya abiria akiwa na kikapu cha nguo kisicho na kitu ndani, ishara kwamba amekuja kuchukua mtu.

Aliingia sebuleni. Lydia alichuchumaa, akapiga makofi ya salamu, taratibu, kama ipasavyo kwa mkubwa. Shangazi Zita alimpita akakaa kitini bila kuitikia. Katika Ufipa mtu anaweza kukunyima chumvi ukaisahau. Salamu akikunyima, hiyo unaibeba mpaka kaburini. Lydia aliinuka na viganja vyake vikiwa bado vimekutana.

Wakakaa: Shangazi Zita, Mama Isdori kama shahidi, Adriano akichunguza viatu vyake, na Bibi Edith katika kiti chake cha mbao karibu na meza. Mezani Shangazi alikuwa ameiweka ile kanga, iliyokutwa imetundikwa kwenye msumari.

"Hii ndiyo uliyomfungia?" aliuliza Shangazi.

"Ndiyo, shangazi. Lakini ni matibabu. Mtaalamu wa mjini..."

"Mimi nimezaa tisa na kuuguza wazee wanne. Sijaona ugonjwa unaotibiwa kwa kufunga mgonjwa."

Lydia alikimbia chumbani akaja na bahasha. Akaieleza picha kama alivyoweza: hapa pamekufa, hapa njia, watu saba au wanane kati ya kumi. Alipokuwa akiisema mwenyewe aliisikia jinsi ilivyo nyepesi. Shangazi Zita aliishika juu chini.

"Hata padre hajui ya kesho," alisema, "sembuse picha?" Kisha akamgeukia Bibi Edith, na sauti yake ikalainika kabisa, kwa kuwa alimpenda kweli. "Wifi yangu. Niambie mimi. Huyu anakufunga?"

"Ndiyo," alisema Bibi Edith.

"Anakutesa?"

"Ndiyo."

Mama Isdori akafunika mdomo kwa kanga yake. Adriano akanong'ona, "Shangazi, mama husema ndiyo kwa kila kitu," lakini alilisema hilo akivitazama viatu, na viatu havikuwa na uwezo wa kuhukumu.

"Unataka twende wote Mwazye, wifi, nikakutunze kwa mikono yangu? Hutagusa kitu. Hata kijiko hutakigusa."

"Ndiyo."

"Mmesikia," alisema Shangazi Zita.

Lydia alisikia. Alisikia kijiko ambacho hakitaguswa. Aliona mkono ule wa kulia ukirudi kulala mapajani, safari hii moja kwa moja, huko Mwazye, katikati ya mapenzi makubwa. Ndipo alipofanya jambo ambalo mkwe mwema hafanyi: alipiga magoti mbele ya mkubwa wake na kumpinga.

"Shangazi, niite jina lolote. Nirudishe kwetu ukitaka. Lakini huko uendako naye, mfunge. Nakuomba. Muda wa saa tatu kila siku. Usimwonee huruma kama nilivyomwonea mimi, maana huruma yangu ndiyo iliyokaribia kuuua huo mkono. Mimi ndiye niliyekosa, na sikukosa kwa kumfunga. Nilikosa ile miezi mitatu nilipokuwa namlisha." Hapo akalia bila kujificha.

 Ndipo kiti cha mbao kilipolia.

Bibi Edith alikuwa ameinamia meza. Mkono wake wa kulia ulitoka mapajani ukitetemeka, ukapanda, ukajigonga kwenye ukingo wa meza, ukapanda tena. Vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine juu ya kanga. Vikaishika. Kanga ikaanguka. Lydia aliruka kuiokota, kisha akajizuia, akaikalia mikono yake palepale sakafuni. Mama aliinama, akahema, akaipapasa, akaishika tena.

Aliuweka mkono wake wa kushoto, ule mzima, kiunoni. Kwa mkono mgonjwa akaizungusha kanga, vibaya, ikalegea, akaizungusha tena. Akashika ncha moja kwa meno. Akavuta. Kilikuwa kifundo cha hovyo ambacho mtoto angekicheka, na kilimchukua muda mrefu hata maji ya chai yaliyokuwa jikoni yakachemka yakamwagikia moto, na hakuna aliyekwenda kuyaepua.

Alipomaliza alimtazama Lydia. Alimtazama yeye, siyo ukuta. Kisha akaelekeza kidevu kwenye ungo wa maharage uliokuwa pembeni ya mlango.

Lydia akauleta pamoja na bakuli, akauweka mezani, akarudi sakafuni kuikalia mikono yake. Harage la kwanza likaingia kwenye bakuli kwa sauti ndogo. La pili likaviringika chini, Adriano akataka kuliokota.

"Liache," alisema Shangazi Zita.

Alikaa kidogo akiutazama mkono ule ukihangaika. Kisha akaondoka kitini, na kwa kuwa magoti yake yalikuwa ya zamani alishuka kwa shida, akishika meza, mpaka akachuchumaa sakafuni mbele ya mkwe aliyekuwa bado amekalia mikono yake. Akakutanisha viganja, akapiga makofi, taratibu, kama ipasavyo kwa mkubwa. Lydia akaitoa mikono yake akaitikia.